Kizimba cha mtoto wa mbwa: ukubwa gani unafaa?

Swali hili hutufikia mara kwa mara kutoka kwa wasikilizaji wanaofuga mbwa. Mtoto wa mbwa ana miezi miwili, anabebeka mkononi, lakini kabla ya mwaka kuisha atakuwa mnyama mwingine kabisa. Ukinunua kizimba kidogo, utarudi dukani au kwa fundi baada ya muda mfupi. Ukinunua kikubwa, unaleta tatizo lingine. Hapa tunazungumzia kizimba cha kulalia ndani au barazani, si banda la uani.

Kipimo cha msingi

Ndani ya kizimba mbwa aweze kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka bila kujikunja, na kulala ubavu akiwa amenyoosha miguu. Pima kuanzia pua hadi shina la mkia, kisha ongeza sentimita 10. Kwa kimo, pima kutoka sakafuni hadi ncha ya kichwa, akiwa amesimama na akiwa amekaa. Chukua kipimo kinachozidi na uongeze tena sentimita 10.

Kwa nini kisizidi?

Mtoto wa mbwa kwa kawaida huepuka kuchafua mahali anapolala. Nafasi ikizidi, hujisaidia pembe moja na kulala pembe nyingine, na mafunzo ya kwenda haja nje yanachelewa. Hata hivyo, kidogo ni kibaya zaidi: mbwa anayebanwa hapumziki, na hujenga chuki na kizimba chenyewe.

Njia ya kuokoa pesa

Nunua au tengenezesha kizimba cha ukubwa wa mbwa mzima, kisha weka ubao wa kugawa ndani yake. Usogeze kila anavyokua. Pima upya kila baada ya wiki mbili au tatu.

Ili kukadiria ukubwa wa baadaye, watazame wazazi wake. Ukubwa wa nyayo pekee si wa kutegemea. Mbwa wa aina ndogo hufikia kimo chao kabla ya mwaka mmoja, wakubwa huweza kuendelea hadi miezi 18. German Shepherd dume hufikia sentimita 60 hadi 65 mabegani, jike 55 hadi 60. Kizimba chenye urefu wa sentimita 107 hadi 122 huwatosha wengi wao.

Mambo ya kuzingatia

Vua mkanda wa shingoni kabla ya kumfungia, kwani unaweza kunasa kwenye nyavu na kumkaba. Usiweke kizimba juani wala chini ya bati lisilo na dari. Mtoto wa miezi mitatu asifungiwe mchana zaidi ya saa tatu au nne mfululizo, na hata mbwa mzima asishinde humo kutwa. Kizimba ni chumba chake cha kulala; kikigeuka gereza, hakuna kipimo kitakachosaidia.