Pampu ya ngama

Pampu ya ngama hutoa maji yanayojikusanya ngamani, yaani chini kabisa ya chombo. Katika ngalawa, madau na mashua kazi hiyo hufanywa kwa upo, yaani kata ya kuchotea maji, nayo huitwa kufua maji. Makala hii inahusu pampu za umeme za volti 12 zinazofungwa kwenye boti ndogo za faiba.

Kipimo cha kiwandani na kazi halisi

Ukubwa wa pampu huandikwa kwa galoni za Marekani kwa saa. Galoni moja ni lita 3.785. Zinazouzwa sana ni za galoni 500 (lita 1,890), 1,100 (lita 4,160) na 2,000 (lita 7,570). Kwa kawaida kiwanda hupima pampu ikiwa haipandishi maji kwenda juu, nayo inapata umeme wa kutosha. Chomboni mambo ni mengine kabisa. Maji hupanda hadi juu ya ubavu, hupita kwenye mpira wenye kona na mikunjo, na waya mwembamba hupunguza umeme njiani. Si ajabu pampu nzuri ikatoa theluthi mbili tu ya kilichoandikwa, au hata nusu.

Kuna njia rahisi ya kuhakiki. Maji humwagwa ngamani, pampu huwashwa, na ndoo ya lita 20 hukingwa kwenye tundu la kutokea. Ikijaa kwa sekunde 30, pampu inatoa lita 2,400 kwa saa, lebo iseme itakavyo.

Maji yanayoingia

Tundu la sentimita 2.5, likiwa sentimita 30 chini ya usawa wa maji, huingiza takriban lita 43 kwa dakika, sawa na lita 2,600 kwa saa. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, maji huongezeka mara nne. Kwa hiyo pampu ya 500, ambayo wengi huinunua kwa sababu ya bei, haiwezi kushindana na mpira uliochomoka chini ya maji. Inafaa kwa mvua na mavujo madogo: boti ya mita 6 kwa 2 ikipata milimita 50 za mvua ya masika hukusanya takriban lita 600, karibu uzito wa watu tisa.

Kwa boti ya mita 5 hadi 7 inayokwenda nje ya mwamba, 1,100 ni kiasi cha chini cha busara. Mbili ni bora kuliko moja kubwa, maana moja ikiziba taka nyingine huendelea.

Umeme

Pampu ya 1,100 hutumia amperi 3 hadi 4. Swichi ya boya, inayowasha pampu yenyewe maji yakipanda, huunganishwa kwenye betri kupitia fyuzi.

Upo na ndoo

Upo na ndoo hubaki chomboni hata penye pampu mbili. Maji yakiifikia betri, pampu zote za umeme huweza kusimama kwa pamoja.