Ndugu ni Nani Mbele ya Sheria?



Leo tutazungumza juu ya neno moja tunalolitumia kila siku: ndugu. Katika Kiswahili neno hili ni pana. Mtoto wa mama yako ni ndugu, mtoto wa baba mdogo ni ndugu, mtu wa kabila lako ni ndugu, hata mwenzako wa kazi ni ndugu. Upana huo ni mzuri siku ya kilio na siku ya arusi. Lakini siku ya kugawa nyumba ya marehemu, au siku ya fujo, watu huanza kuulizana: ndugu wa kweli ni nani? Na hapo wengine hufukuzwa. Kwa hiyo inafaa tujue sheria inasema nini, na ilifikaje pale ilipo.

Tuanze na mambo ya zamani. Katanga ilikuwa na mila zaidi ya moja. Kwa Wasanga, wenye nchi ya huku, ukoo hufuata mama. Ndugu wa karibu ni yule wa tumbo moja, na mwenye kurithi mtu ni ndugu yake wa tumbo hilo au mtoto wa dada yake. Watoto wake mwenyewe ni wa ukoo wa mama yao. Kwa Waluba wa Kasai, ukoo hufuata baba. Watoto wa baba mmoja ni wa nyumba moja, hata kama mama zao ni wawili au watatu. Kila moja ya mila hizo ilikuwa na hekima yake: kila mtoto alizaliwa akiwa na ukoo wa kumlinda.

Kisha ikaja kazi ya shaba. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, nayo ikatafuta wafanyakazi mbali: Kasai, Maniema, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini. Tangu miaka ya 1920 kampuni iliona faida kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake zao. Basi Mluba akaoa Msanga, Msanga akaolewa na mtu wa mbali, watoto wakazaliwa. Kwa mila ya baba, mtoto ni Mluba. Kwa mila ya mama, mtoto ni Msanga. Mtoto huyo alikuwa na koo mbili za kumpokea. Lakini mambo yakiharibika, alikuwa na koo mbili za kumkataa.

Je, sheria ya serikali ilisaidia? Kwa miaka mingi, hapana. Sheria ya watu ya mwaka 1895, wakati wa Mfalme Léopold II, iliwahusu Wazungu na Waafrika wachache walioandikishwa. Wengine wote waliachiwa mila zao, na mwaka 1926 Wabelgiji waliweka utaratibu wa mahakama za wenyeji zilizohukumu kwa mila hizo. Lakini mila gani, kama baba ana yake na mama ana yake?

Baada ya uhuru, mwaka 1971, iliundwa tume ya kuunganisha sheria za nchi. Kazi ilichukua miaka mingi. Kitabu cha Sheria za Jamaa kilitolewa tarehe 1 Agosti 1987, kikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 1988. Kilirekebishwa kwa sheria ya Julai 2016. Tushike mambo matatu kutoka humo.

La kwanza: sheria inatambua ndugu wa aina tatu. Wako ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, wako wa baba mmoja tu, wako wa mama mmoja tu. Wote watatu ni ndugu. Sheria haikuchagua upande wa baba ikaacha wa mama, wala upande wa mama ikaacha wa baba. Ilichukua pande zote mbili.

La pili: sheria inapima ujamaa kwa vizazi, na kila kizazi ni hatua moja. Toka kwa mtoto, panda hadi kwa mzazi: hatua moja. Shuka kutoka kwa mzazi huyo hadi kwa mtoto wake mwingine: hatua ya pili. Basi ndugu na ndugu yake wako hatua mbili. Mjomba na mtoto wa dada yake wako hatua tatu. Watoto wa ndugu wawili wako hatua nne. Katika hesabu hiyo hamna kabila, hamna jimbo, hamna kijiji cha babu.

La tatu: sheria inakataza kuwabagua watoto kwa sababu ya namna walivyozaliwa, katika ndoa au nje ya ndoa, na inasema hakuna mwenye haki ya kumkana mtoto wake. Katika urithi wa mtu asiyeacha wasia, sheria ya 1987 iliwapa watoto robo tatu ya mali, kwa mafungu sawa: wa ndoa, wa nje ambao baba aliwatambua wakati wa uhai wake, na wa kulea kisheria. Robo inayobaki ni ya mume au mke aliyebaki, ya wazazi, na ya ndugu wa marehemu. Wazee, sikieni vizuri: ndugu wa marehemu hakudharauliwa, ana fungu lake. Lakini hana ruhusa ya kuja baada ya mazishi, kufunga mlango wa nyumba na kuwatoa mjane na watoto katika lupango.

Sasa tukumbuke yaliyotokea. Mwezi wa Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguza Karl-i-Bond wa Katanga. Siasa ya Kinshasa ikageuka moto huku kwetu, katika jimbo lililoitwa Shaba wakati ule. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makwao, Likasi mwaka 1992, Kolwezi mwaka 1993. Wengi walilala kwenye kituo cha treni cha Likasi wakingoja mabehewa, na wengine walikufa kwa magonjwa kabla ya kufika popote. Sheria ya jamaa ilikuwa na miaka minne tu.

Fujo ile ilileta swali lake: huyu ni wa hapa, au si wa hapa? Kwa jamaa za mchanganyiko swali hilo lilikuwa kisu. Baba alihesabiwa mgeni, mama mwenyeji. Tuchukue mfano. Baba anapanda treni na watoto wawili, mama anabaki na wawili. Miaka inapita. Waliokwenda wanajua Tshiluba, waliobaki hawakijui. Baba anakufa. Aliyekua Mwene-Ditu anarudi kuuliza juu ya nyumba, na aliyebaki Likasi anamwambia: wewe si wa hapa. Sheria inajibu nini? Inapanda hatua moja, inashuka hatua moja. Hatua ni mbili tu. Reli ya kwenda Kasai haikuongeza hata moja.

Kwenu jamaa mliohama: andikisheni watoto katika ofisi ya serikali, na tunzeni vyeti. Kama cheti kilipotea au hakikuandikwa, nendeni mahakamani. Mahakama inaweza kutoa hukumu inayosimama mahali pa cheti cha kuzaliwa. Tafuteni majirani wa zamani wawe mashahidi. Kwenye kilio, msigawe kitu kabla ya kuandika majina ya watoto wote, pamoja na walio mbali.

Kwenu wakubwa wa mitaa: mkiletewa ugomvi wa nyumba, msianze kuuliza kabila. Ulizeni: mzazi wenu ni nani? Katiba ya 2006 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya kabila lake au mahali anapokaa. Msiandike barua ya kumtoa mtoto katika nyumba ya mzazi wake.

Wazee walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Maana ugomvi wao hupita, na mgeni aliyeingia katikati atabaki na aibu. Wanasiasa wa 1992 waliingia katikati ya ndugu. Walikuja na kuondoka, lakini watoto wale wangali na mzazi mmoja.