Si Nakala, ni Ruksa

Nintendo ilipotangaza bei za michezo ya mashine yake ya Switch 2 mwaka 2025, Mario Kart World iliwekewa bei mbili barani Ulaya: yuro 79.99 kwa atakayeipakua mtandaoni, na yuro 89.99 kwa atakayetaka kasha lenye kadi ndani. Marekani bei ilikuwa moja kwa wote, dola 79.99. Habari ilipowafikia wafasiri wetu ikavishwa istilahi zilizokuwa kabatini: ya kupakua ikawa “nakala laini”, ya kasha ikawa “nakala ngumu”. Maneno hayo nimeyavumilia kwa muda mrefu. Hapa uvumilivu umekoma.

Mcheza gemu akisikia “ngumu” hafikirii plastiki. Anafikiria hatua iliyomshinda. Nakala ngumu ya mchezo rahisi, nakala laini ya mchezo mgumu: sarufi haina kasoro, maana ndiyo imepotea njia. Na “laini” kwa msemaji wa leo ni ile ya simu, inayosajiliwa, kupotea na kufungiwa. Wapo waliolitambua tatizo wakakimbilia “nakala tepe”, kana kwamba mchezo umeamka na homa. Maneno yote matatu ni ya maofisini, na huko sina ugomvi nayo: barua iliyochapwa na barua iliyomo kwenye kompyuta ni barua ileile, ukiwa na moja unaipata nyingine. Dukani mambo ni mengine. Anayelipa yuro 89.99 ananunua kitu. Anayelipa 79.99 ananunua ridhaa ya kukitumia. Hakuna kati yao aliyeulizia ulaini.

Kosa kubwa zaidi ni kwamba watungaji walihangaika na kivumishi wakasahau kulihoji jina lenyewe. “Nakala” tumeipokea kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wa n-q-l, na maana ya msingi ya mzizi huo ni kuhamisha: kukitoa kitu hapa na kukifikisha pale. Hadi leo Waarabu huita uchukuzi naql. Mwandishi wa zamani aliyenakili kitabu alikuwa akiyahamisha maneno kutoka karatasi hadi karatasi, na kitabu chenyewe kikahama kutoka mkono hadi mkono. Nakala, kwa asili yake, ni kitu kinachohama. Sasa utazame mchezo uliopakuliwa. Umefungwa kwenye akaunti yako. Huwezi kuuuza tena, wala kumpa jirani ukamwachia moja kwa moja. Katika duka zima hicho ndicho kitu kisichohama, na hicho ndicho tulichokipachika jina la kuhama.

Tofauti hii si uzushi wangu. Mahakama zimeihangaikia zaidi ya karne nzima. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mchapishaji Bobbs-Merrill, aliyeandika ndani ya riwaya The Castaway kwamba ni marufuku kuiuza chini ya dola moja. Duka la Macy's likaiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema haki ya mchapishaji ya kusimamia mauzo inakoma kitu kikishauzwa mara ya kwanza. Hiyo ndiyo nakala: ikitoka imetoka. Ulaya, mwaka 2012, katika kesi ya UsedSoft dhidi ya Oracle, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikubali kwamba hata programu iliyopakuliwa, ikiwa imeuzwa kwa matumizi yasiyo na kikomo, inaweza kuuzwa tena. Mwaka 2019 mahakama ya Paris ikafuata mkondo huo kuhusu michezo ya Steam, duka la mtandaoni; mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikaupindua uamuzi. Na tangu tarehe 1 Januari 2025, sheria ya California inamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno “nunua” bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni. Watunga sheria wa California wameona kwamba maneno yana kazi. Baadhi ya kamati zetu za istilahi bado zinalitafakari jambo hilo.

Basi napendekeza, kama nilivyopendekeza kabla, hiyo ya kupakua tuiite ruksa.

Sisemi “leseni”, kwa sababu leseni ni ya udereva na ya biashara, na hukaguliwa na askari. Sisemi “ruhusa”, kwa sababu ruhusa huombwa kwa mwajiri siku ya msiba. Ruksa na ruhusa ni ndugu wa tumbo moja, rukhsa ya Kiarabu, lakini matumizi yameshawatenganisha, na mtunga istilahi mwenye akili hutumia nafasi kama hiyo. Katika fiqhi, rukhsa ni nafuu anayopewa mtu kwa sharti: msafiri hupunguza sala, na safari ikiisha nafuu nayo huisha. Ni haki ya kweli, lakini imefungwa kwa hali fulani. Sijapata maelezo bora ya mchezo wa kupakua.

Mzizi huo, r-kh-s, una mtoto mwingine tunayemtumia kila siku: rakhis, yaani rahisi, kitu kisicho ghali. Ruksa na urahisi wa bei vimetoka chungu kimoja. Anayeuza ruksa kwa bei ya nakala, kama ilivyofanyika Marekani, amekwenda kinyume na mzizi wenyewe, seuze mfuko wa mteja. Na kwa wale wasioweza kulala bila ulaini, nawapa habari njema: mzizi huohuo katika Kiarabu una pia maana ya kuwa laini. Walichokitafuta kwa kivumishi kilikuwa ndani ya nomino.

Mizani ya istilahi ni kitu kipya kinapojitokeza. Switch 2 imeleta kadi isiyo na mchezo ndani yake. Ina ufunguo tu. Unaichomeka, unaupakua mchezo, na kila ukitaka kucheza lazima kadi iwemo kwenye mashine. Lakini kadi hiyo unaweza kuiazimisha au kuiuza. Waulize wenye “ngumu” na “laini” hii ni ipi. Wataigonga mezani, itatoa sauti, wataiita ngumu. Kisha wataukuta mchezo uko hewani. Kwangu jibu ni jepesi: ni ruksa inayohamishika. Kinyume chake ni The Crew, mchezo wa Ubisoft ambao seva zake zilizimwa mwaka 2024. Hata waliokuwa na diski walibaki na plastiki, maana bila seva haukuchezeka. Diski ile ilikuwa ruksa tangu siku ya kwanza, imevaa nguo za nakala.

Mwenzangu mmoja, ambaye kalamu yake naiheshimu kuliko masikio yake, ameshikilia “nakala hewa”. Tanzania imeshawahi kuhesabu wafanyakazi hewa na kuwafuta katika orodha ya mishahara. Hewa ni kisichokuwepo. Mchezo wa kupakua upo, unachezwa, unakesha na watoto. Na katika kikao kimoja cha istilahi niliambiwa kwamba ruksa ina harufu ya siasa, kwa kuwa Rais Ali Hassan Mwinyi aliitwa Mzee Ruksa. Wananchi walilipokea neno hilo bila kikao, wakalielewa bila faharasa, wakalitumia miongo kadhaa. Sifa hizo tatu hazijapatikana pamoja katika istilahi yoyote iliyopitishwa siku ile.

Kuhusu matumizi: ruksa ya mchezo, ruksa za michezo, hununuliwa, hufutwa, haiuzwi tena isipokuwa mwenye mchezo amekubali. Nakala ibaki kwa diski na kadi yenye mchezo ndani, ile ambayo mwenye kibanda cha gemu akiichoka humuuzia mwenzake na kurudisha sehemu ya fedha zake. Duka liandike bei ya nakala na bei ya ruksa, moja juu ya nyingine, na mteja ajue analipia nini kabla hajaanza kudai punguzo.