Joto la njiti: kutoka Paris hadi kingo za Ziwa Victoria

Adui wa kwanza wa mtoto njiti ni baridi. Kabla njaa haijamfikia, kabla maambukizi hayajamwingia, mwili wake umeshaanza kupoa. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta chini yake ni haba, na majimaji aliyozaliwa nayo yakikauka yanaondoka na joto lake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka joto la mtoto mchanga libaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya 36 yumo hatarini, na chini ya 32 anaweza kufa wakati wowote.

Huku mkoani Kagera baridi hiyo haiko mbali: Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, mvua ambayo miji michache ya Tanzania inaifikia, na mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kwenda Kamachumu na Ndolage, wilayani Muleba, usiku unataka blanketi zito. Wahaya wa zamani, wenyeji wa huku, walijua kuishi na hali hiyo. Msonge wao uliezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, na moto uliowaka ndani ulishikwa humo humo. Lubugo, gome la mti lililopondwa hadi likawa laini, lilivaliwa mchana na kujifunika usiku. Ni kweli moshi uliumiza macho na vifua, lakini joto lilikuwepo.

Mashine ya kwanza mashuhuri ya kutunza joto la njiti, inkubeta, ilitoka kwa kuku. Karibu na mwaka 1880, daktari wa uzazi Stéphane Tarnier aliona jijini Paris vifaa vya kuangulia vifaranga, akamwomba aliyevitengeneza, Odile Martin, amjengee kifaa kama hivyo kwa ajili ya binadamu. Kilikuwa sanduku la mbao lenye kuta mbili, chini yake maji ya moto, juu yake watoto. Taarifa ya mwaka 1883 kutoka hospitali ya uzazi ya Tarnier ilionyesha kuwa vifo vya watoto waliozaliwa chini ya kilo mbili vilishuka kutoka asilimia 66 hadi 38. Kwa zama zile, kabla ya dawa za antibayotiki, ilikuwa hatua kubwa mno.

Marekani ilichelewa. Martin Couney aliwaweka njiti kwenye inkubeta katika viwanja vya burudani vya Coney Island, kuanzia mwaka 1903 hadi 1943, na viingilio vya watazamaji vikalipia matibabu ambayo wazazi hawakutozwa hata senti. Inahuzunisha kwamba watoto walihitaji maonyesho ili waishi, lakini wengi waliishi. Mwaka 1958 William Silverman na wenzake walithibitisha kwamba tofauti ya nyuzi tatu hivi tu ndani ya inkubeta ilitosha kubadili idadi ya waliopona.

Kwetu Kagera, tiba ya hospitali ilifika kwa sehemu kubwa kwa njia ya misheni. Mapadri wa Kikatoliki walifungua kituo cha Kashozi mwaka 1892, na baadaye hospitali za Rubya na Kagondo, Muleba, na Mugana, Missenyi, zikabeba mzigo mkubwa wa huduma za uzazi. Walutheri walikuwa na Ndolage, na Nyakahanga kule Karagwe. Hospitali za makanisa na zile za Serikali zote zilikabiliwa na tatizo moja: inkubeta inakula umeme muda wote, inataka vipuri na fundi anayeijua. Mkoa huu, kwa miaka mingi, ulitegemea umeme ulionunuliwa Uganda. Umeme ukikatika usiku wa mvua, inkubeta inageuka kuwa sanduku la kioo lenye mtoto anayepoa. Na watoto wawili wakilazwa ndani ya moja kwa sababu mashine hazitoshi, ugonjwa wa mmoja unakuwa wa wote.

Hali ya namna hiyo ndiyo iliyozaa jibu kule Bogotá, Kolombia. Mwaka 1978 Dkt. Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyofurika, inkubeta chache na maambukizi yanayoua. Akawaweka watoto kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wamesimama wima katikati ya matiti na kufungwa kwa kitambaa, wakinyonya maziwa ya mama. Héctor Martínez alijiunga naye mwaka uliofuata. Ndiyo huduma tunayoiita leo njia ya kangaroo.

Kwa miongo mingi madaktari waliiona kama njia ya maskini, ya kutumia mpaka mashine ipatikane, na hata hapo kwa mtoto ambaye hali yake imeshatulia. Utafiti uliovunja fikra hiyo ulihusisha pia Tanzania. Kati ya 2017 na 2020, hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Muhimbili jijini Dar es Salaam zilifuatilia watoto 3,211 wenye uzito wa kilo 1.0 hadi chini ya 1.8. Kundi moja liliwekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, hata kabla ya kutulia. Jingine likaanza kwenye inkubeta au chini ya hita. Katika siku 28 walikufa asilimia 12.0 ya kundi la kwanza na 15.7 ya kundi la pili. Utafiti ukasitishwa mapema, kwa kuwa kuendelea kuwanyima wengine kifua cha mama kusingekuwa haki. Mwaka 2022 WHO ikabadili mwongozo wake: kangaroo ianze mapema iwezekanavyo tangu kuzaliwa.

Kuhusu kinyume cha kupasha joto, yaani kupoza mwili, historia inaonya. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, yule ambaye wauguzi husema "amechoka", katika nchi tajiri hupozwa hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72 ili ubongo upone. Jirani zetu wa Hospitali ya Mulago, Kampala, walilijaribu hilo kwa chupa za maji ya bomba, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008: kati ya watoto 21 waliopozwa walikufa saba, na kati ya 15 wasiopozwa alikufa mmoja. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini mwaka 2021 ule mkubwa wa India, Sri Lanka na Bangladesh, uliotumia mashine halisi, nao ulikuta vifo vingi zaidi kwa waliopozwa. Hospitali ya Kagera isiharakishe kununua mashine hiyo kwa kuwa inasifiwa Ulaya.

Kifua cha mama kinafika hata pale mashine haifiki. Muleba ina visiwa: Bumbire, Ikuza, Goziba. Njiti anayezaliwa huko husafirishwa kwa boti, upepo wa ziwa ukimpiga. Hakuna inkubeta inayopanda boti ya wavuvi, lakini mama anapanda, na kama yeye amezidiwa, baba au bibi naye ana kifua.

Hapo ndipo ninapoona kasoro yetu. Mama akilazwa wodi moja na mtoto nyingine, kangaroo inabaki kwenye bango ukutani. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa ili kumwongezea likizo mama aliyejifungua njiti, na Taasisi ya Doris Mollel imepigania watoto hawa kwa miaka mingi. Lakini mama wa Muleba anayelima migomba na kahawa hana mwajiri wa kumpa likizo. Akikaa wodini wiki tano, nani atamlisha, na nani atawatunza waliobaki nyumbani?

Halmashauri za Bukoba na Muleba zinapoandaa bajeti ya wodi ya njiti, ziandike kwanza kitanda cha mama kando ya mwanawe, kiti cha kuegemea, chakula cha moto mara tatu kwa siku, na ruhusa ya baba kuingia. Inkubeta ifuate baada ya hapo.