Mgeni Langoni na Ugonjwa Uliolala



Familia nyingi miongoni mwetu zina mtoto au ndugu aliyekwenda kuishi ughaibuni. Kabla ya safari alipigwa picha ya kifua na kutolewa damu, na huenda aliona ni kana kwamba amewekwa kizimbani. Juma hili tunapenda kuitazama historia ya vipimo hivyo, kwa kuwa inatufundisha jinsi ya kumtazama mgeni.

Tarehe 1 Januari 1892 kilifunguliwa kituo cha Ellis Island katika bandari ya New York. Hadi kilipofungwa mwaka 1954, wahamiaji zaidi ya milioni 12 walikuwa wamepita hapo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1891 ilikuwa imewazuia wenye maradhi hatari ya kuambukiza, na mwaka 1907 kifua kikuu kikatajwa kwa jina. Madaktari waliwachungulia watu wakipanda ngazi, wakawaandika herufi za chaki kwenye nguo, wakageuza kope zao kutafuta trakoma. Aliyekutwa na maradhi hayo aliweza kurudishwa alikotoka, hata kama jamaa zake walikwisha kuruhusiwa.

Lakini jicho la daktari huona ugonjwa ulioamka tu. Robert Koch alitangaza ugunduzi wa kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, na baadaye ikafahamika kwamba wengi wanaokibeba hawaugui. Kinga ya mwili hukizungushia ukuta wa chembe hai, nacho hubaki humo miaka mingi. Mtu huyo hakohoi wala hamwambukizi mwenzake. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba takriban robo ya wanadamu wote wamekwisha kuambukizwa. Utapiamlo, kisukari, uzee au virusi vya UKIMWI vikiidhoofisha kinga, ukuta hubomoka. Ndiyo maana mhamiaji aliyepita langoni akiwa mzima anaweza kuugua miaka kadhaa baadaye, naye husingiziwa kwamba alificha maradhi, ilhali mwenyewe hakujua.

Upo pia mnyoo mdogo uitwao strongiloidi. Uligunduliwa mwaka 1876 katika askari wa Kifaransa waliorejea Toulon kutoka Cochinchina, yaani kusini mwa Vietnam ya leo. Viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya miguu pekupeku, kisha huweza kuendelea kuzaliana ndani ya mtu yuleyule kwa miongo ya miaka. Askari wa Uingereza waliofanyishwa kazi na Wajapani kwenye reli ya Thailand na Burma walikutwa nao zaidi ya miaka 30 baada ya vita. Mara nyingi kinga huudhibiti mnyoo huo kwa kuongeza chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili, lakini haiumalizi. Hatari huja mgonjwa anapopewa dawa za jamii ya steroidi, tuseme kwa ajili ya pumu: kinga hushuka, minyoo husambaa mwilini, naye aweza kufa. Daktari wa nchi ya baridi asipouliza mgonjwa alizaliwa wapi, dawa njema hugeuka sumu.

Jambo hili lilionekana wazi kwa vijana wa Sudan waliokimbia vita, wakafika Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, mwaka 1992. Takriban 3,800 kati yao walipelekwa Marekani, wengi katika miaka ya 2000 na 2001. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba asilimia 46 ya waliopimwa walikuwa na dalili katika damu za kuambukizwa strongiloidi, na asilimia 44 kichocho. Tangu mwaka 1999 Marekani ilikuwa imeanza kuwapa wakimbizi kutoka Afrika dawa ya minyoo kabla ya kusafiri, na baadaye ziliongezwa dawa za maradhi hayo mawili. Kwa minyoo hiyo, basi, mgeni alitibiwa badala ya kukataliwa.

Kanisa lilikwisha kuonja njia hiyo. Mtakatifu Fransiska Saveria Cabrini, mwenye afya dhaifu tangu utoto, alifika New York mwaka 1889 kuwahudumia Waitaliano maskini, na mwaka 1892 alianzisha hospitali kwa ajili yao. Papa Pius XII alimtangaza mtakatifu mwaka 1946.

Tunawasihi basi wenye ndugu walio mbali: mkumbusheni kila mmoja amweleze daktari wake nchi na kambi alizopitia, aulize kuhusu kupimwa minyoo kabla ya kuanza steroidi, na akipewa dawa za kuzuia kifua kikuu azimalize zote. Nasi tuliobaki tunapokea wageni kutoka Kongo, Burundi na kwingineko. Tusiulize amebeba ugonjwa gani kabla ya kuuliza kama amekula na amelala wapi, kwa maana njaa huweza kuuamsha ugonjwa uliolala, na msongamano huueneza. Anayempa mgeni chakula na malazi mema huilinda kinga ya mgeni huyo, na huwalinda jirani zake pia.