Peptidi Fupi Zilizofungua Njia ya Dawa ya Presha

Captopril, kidonge cha presha, ikitajwa, sifa humwendea jararaca, nyoka wa Brazili. Anastahili. Mwaka 1949 mjini São Paulo, Maurício Rocha e Silva na wenzake walionyesha kuwa sumu yake ikikutana na damu huzalisha bradikinini, kitu kinacholegeza mishipa na kushusha presha. Mwaka 1965 Sérgio Ferreira akaonyesha kuwa sumu hiyohiyo huikuza nguvu ya bradikinini. Lakini nyoka na kidonge vilitenganishwa na kazi ambayo, kwa maoni yangu, haijapewa haki yake: kuunga peptidi fupi maabarani, asidi amino moja baada ya nyingine. Bradikinini yenyewe ni ushahidi. Uchambuzi wa kwanza ulihesabu asidi amino nane. Mwaka 1960 wakemia wa Sandoz, Uswisi, waliziunga zote nane na hazikufanya kazi yoyote ya maana. Ilipoongezwa asidi amino moja, prolini, katika nafasi ya saba, peptidi hiyo ikatenda sawasawa na ile ya asili. Bila peptidi ya kutengenezwa, kosa lile lingegunduliwaje?

Katika kampuni ya Squibb, Marekani, Miguel Ondetti na David Cushman walishughulikia teprotide, peptidi ya asidi amino tisa iliyotambuliwa kwanza katika sumu hiyo. Sumu ni mchanganyiko, tena hupatikana kwa uchache. Kuiunga teprotide kulileta dawa safi, ya kutosha kuwadunga wagonjwa. Katika miaka ya 1970 presha yao ilishuka, na hapo ikathibitika kwa binadamu kwamba kukizuia, kama teprotide inavyofanya, kimeng'enya kinachotengeneza angiotensini, ambayo hubana mishipa, ni tiba.

Wapo watakaosema teprotide haikufika madukani, kwa kuwa ikimezwa haifanyi kazi. Ni kweli, ila thamani ya jaribio haipimwi kwa mauzo. Hoja nzito zaidi ni kwamba muundo wa captopril ulitokana na utafiti wa kimeng'enya kingine, karboksipeptidesi, uliochapishwa mwaka 1973. Utafiti huo uliwafundisha Ondetti na Cushman namna ya kukizuia kimeng'enya cha angiotensini. Kwamba inafaa kukizuia, walikuwa wameshafundishwa na teprotide. Captopril, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ina prolini mwishoni, kama teprotide.