Moja jumlisha moja: hata Boole alikataa

Juzi usiku mdogo wangu kanipigia simu. Yuko mwaka wa kwanza wa uhandisi, na kwa salamu tu nikajua mambo si shwari. "Dada," akasema, "mwalimu kaandika ubaoni kwamba moja jumlisha moja ni moja. Nikauliza kwa nini. Kasema hiyo ni sheria ya Boole, kariri." Mtihani ulikuwa umebaki wiki mbili, na kijana alishaanza kuulizia taratibu za kuhama kozi.

Jamani, hilo neno "kariri" nalifahamu. Ndilo lililonifukuza mimi kwenye hesabu nikiwa kidato cha tatu, nikaishia huku kwenye kalamu. Sijutii, lakini sikutaka limfukuze na yeye. Nikaamua kufanya kazi ninayoijua: kumsaka huyo Boole na kujua alisema nini hasa.

George Boole alizaliwa mwaka 1815 katika mji wa Lincoln, Uingereza, baba yake akiwa fundi viatu. Chuo kikuu hakusoma. Hesabu za juu alijifundisha mwenyewe huku akifundisha shule ili familia ile, na mwaka 1849 akapewa uprofesa wa hesabu huko Cork, Ireland. Mwaka 1854 akatoa kitabu chake kikubwa kuhusu kanuni za fikra. Wazo lake ni kwamba maneno yetu ya kila siku, "na", "au", "si", yanaweza kuandikwa kama aljebra. Herufi inasimama badala ya kundi. Tuseme x ni madereva na y ni wanamuziki. Ukizidisha x kwa y unapata madereva ambao pia ni wanamuziki. Ukizidisha x kwa x, yaani madereva ambao ni madereva, unabaki na madereva wale wale. Ukitafuta namba za kawaida zinazokubali mchezo huo, namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe haibadiliki, utapata mbili tu: 0 na 1. Basi 0 akaifanya "hakuna kitu", na 1 akaifanya "kila kitu".

Hapo ndipo nilipokutana na jambo lililonifanya nicheke peke yangu saa saba za usiku. Kwa Boole, alama ya kujumlisha ilikuwa halali pale tu makundi mawili yasipochangia mtu hata mmoja. Madereva jumlisha wanamuziki? Yule dereva anayepiga gitaa atahesabiwa mara mbili, na Boole hakutaka hilo. Miaka ya 1863 na 1864 kijana mmoja, William Stanley Jevons, mwalimu wa Manchester, akawa anamwandikia barua akimshauri kwamba kundi likijumlishwa na lenyewe libaki lenyewe. Ukisema "madereva au madereva", kuna nini kimeongezeka? Mzee akakataa. Boole akanyeshewa akienda kufundisha, akafundisha na nguo mbichi, akaugua na kufariki Desemba 1864 akiwa na miaka 49. Alifariki na hoja yao haijamalizika. Jevons akaendelea na njia yake, hata akatengeneza mashine ya mantiki yenye vibonyezo kama vya piano, akaionyesha London mwaka 1870.

Kwa hiyo ile "sheria ya Boole" ya ubaoni, kwa sura ile, Boole mwenyewe aliikataa! Mdogo wangu kakataliwa swali ambalo mwenye jina la somo alikuwa nalo pia. Hapo nilitaka kumpigia simu mwalimu, ila heshima ikanizuia.

Hoja ile ya wanafalsafa ilikuja kupata kazi kwenye nyaya. Mitambo ya simu ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilijaa rilei. Rilei ni swichi tu, ila badala ya kidole inasukumwa na sumaku ya umeme. Mafundi walipanga maelfu ya swichi hizo kwa uzoefu na kwa kubahatisha. Saketi ikigoma, unaongeza waya hapa, unahamisha pale. Mwaka 1936 kijana wa Michigan, Claude Shannon, akaingia chuo cha MIT kuhudumia mtambo mkubwa wa kutatua milinganyo, uliokuwa na rilei zaidi ya 100 za kuuongoza. Shannon alikuwa na digrii mbili, ya umeme na ya hesabu, na aljebra ya mantiki alishakutana nayo chuoni. Akaona kwamba swichi nayo haina hali ya tatu: imefungwa umeme upite, au imeachia. Mwaka 1937, akiwa na miaka 21, akaliandika hilo katika tasnifu yake ya uzamili, ikachapishwa mwaka 1938.

Hakuwa peke yake. Nakashima Akira huko Japani alikuwa anachapisha mambo yanayofanana miaka hiyo hiyo, na Victor Shestakov wa Moscow alilifikia wazo kivyake. Vitabu vingi vya chuo vinamtaja Mmarekani tu.

Sasa rudi kwenye moja jumlisha moja. Leo wanafunzi wanafundishwa kwamba 1 ni swichi iliyowashwa, na kujumlisha ni kuweka swichi mbili sambamba, kila moja na njia yake kwenda kwenye taa ile ile. Washa zote mbili. Taa inawaka, basi. Haiwi "imewaka mbili". Moja na moja, moja. Lakini Shannon aliandika kinyume kabisa! Kwake 1 ilikuwa njia iliyokatika, 0 njia inayopitisha, na kujumlisha ni kupanga swichi kwa kufuatana kwenye waya mmoja. Waya umekatika mahali pawili: umekatika tu. Moja na moja, moja tena. Geuza alama juu chini, sheria inasimama. Nilipomweleza mdogo wangu, alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha.

Faida yake ilikuwa pesa. Fikiria mtu anakwambia: nitakuja kama Asha atakuja na Juma atakuja, au kama Asha atakuja na Juma hatakuja. Maneno meengi, kumbe anamsubiri Asha tu. Saketi iliyojengwa kwa maneno yale inahitaji miguso minne. Aljebra inaonyesha kwenye karatasi kwamba mmoja unatosha, kabla hujanunua kifaa chochote.

"Sawa dada," akasema, "lakini kompyuta inajumlisha kweli. Moja na moja inapata mbili. Inafanyaje?"

Swali zuri kuliko la kwanza. Kwa tarakimu za 0 na 1, mbili huandikwa 10: unaandika sifuri, unabeba moja. Unahitaji taa mbili. Taa ya kuandika iwake pale swichi moja tu ikiwa imewashwa, siyo zote, na hiyo unayo nyumbani kama una ghorofa: ni taa ya ngazini yenye swichi moja chini na nyingine juu. Taa ya kubeba iwake pale zote mbili zikiwashwa. Novemba 1937 George Stibitz, mtaalamu wa Bell Labs, alijenga kitu hicho jikoni kwake kwa rilei, vibalbu vya tochi, betri na vipande vya bati vilivyokatwa kwenye kopo la tumbaku. Kikaitwa Model K, K ya jikoni kwa Kiingereza.

Jumamosi mdogo wangu kapiga tena. Kanunua swichi mbili za ngazini, taa ya kwanza inawaka vizuri, ya kubeba imemshinda: kila swichi inatakiwa iguse waya wa pili kwa wakati huo huo, na zake hazina mguso wa ziada. Kumbe hapo ndipo rilei inapofaa, sumaku moja ikisukuma miguso kadhaa kwa pamoja. Kaniomba hela ya rilei mbili. Kuhusu kuhama kozi hakusema kitu, nami sikumuuliza.